Wasanii wamerudisha belo kwa mtumaji, wafanyabiashara wasibaki nyuma

Kuanzia Juni hadi Septemba mwaka 2022, mabelo ya mitumba yalipangwa kama matofali kwenye nyasi za bustani ya Karlsaue, mjini Kassel, Ujerumani. Yalikuwa yamebanwa na kufungwa kamba vile vile yanavyoonekana yakiteremshwa kutoka kwenye kontena Mombasa au Dar es Salaam. Lakini hapakuwa na mnunuzi wala dalali, na hakuna aliyekuja na kisu kuyafungua. Yalijengwa yakawa banda, na ndani ya banda hilo ilionyeshwa filamu.

Kazi hiyo ni ya The Nest Collective, kundi la wasanii la Nairobi. Waliipa jina la Return to Sender, maneno ambayo posta hugonga juu ya barua isiyopokelewa, yaani irudishwe kwa mtumaji. Mahali penyewe hapakuwa padogo. Ilikuwa ni documenta, maonyesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1955 na hufanyika kila baada ya miaka mitano, na ambayo mwaka huo yaliongozwa na ruangrupa, kundi la wasanii kutoka Indonesia. Watu wa Kassel waliotoka kutembea bustanini walikutana na shehena ambayo kwa kawaida huwa haionekani kwao. Huondoka mlangoni mwao ikiwa ndani ya mfuko safi wa msaada, na habari yake ikaishia hapo.

Ndani ya banda, filamu iliwapa nafasi watu wa upande huu wa dunia kueleza jinsi biashara ya nguo kuukuu inavyokwenda na taka inayoiacha nyuma. Mtazamaji aliisikiliza akiwa amezungukwa na kuta za nguo. Yeyote aliyewahi kutoa shati kwenye sanduku la msaada alikuwa na sababu ya kujiuliza kama shati hilo halimo ukutani.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka huo huo, Kampala, mbunifu wa mavazi Bobby Kolade alianza kuuza nguo chini ya jina la Buzigahill, na mradi wake nao aliuita Return to Sender. Hununua mitumba sokoni, hukata, huunga upya vipande vya mashati na fulana kadhaa vikawa vazi moja, kisha huvipeleka kuuzwa katika nchi zile zile zilizozituma nguo hizo zikiwa hazitakiwi tena. Mwaka mmoja kabla, yeye na Nikissi Serumaga walikuwa wametengeneza mfululizo wa vipindi vya sauti kuhusu biashara hiyo. Nairobi na Kampala zimefika kwenye wazo moja kwa njia mbili, moja kwa filamu na nyingine kwa cherehani. Wazo likichipuka pande zote mbili za mpaka mwaka mmoja, linastahili kusikilizwa na wale ambao riziki yao ni kuvuka mpaka huo.

Kwa mfanyabiashara wa mitumba, hoja ya wasanii hawa haihitaji tafsiri. Belo la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa. Mnunuzi hulipa fedha taslimu, mara nyingi za kikundi au za mkopo, bila kuona kilichomo ndani. Siku ya kulifungua ndipo hujua kama amepata au amepatikana. Juu hutoka zile nguo ambazo Gikomba huitwa kamera, safi, za kugombaniwa asubuhi na mapema. Chini yake huja za daraja la pili na la tatu. Mwishoni hubaki fagia, na chini ya fagia kuna zisizouzika kabisa: fulana yenye jasho lililoganda, sweta lililochanika, suruali yenye rangi ya ukutani, nguo ya baridi ya theluji isiyo na mteja Busia wala Namanga. Nguo hizo nazo zililipiwa kwa kilo. Zililipiwa meli, ushuru, ghala na mkokoteni. Mwenye belo hana mahali pa kuzirudisha.

Hapo ndipo hesabu ya mfanyabiashara inapokutana na ile ya mwanamazingira, ingawa wawili hao huonekana kama mahasimu. Nguo iliyokula mtaji ndiyo nguo ile ile inayoishia mtoni. Gikomba imekaa kando ya Mto Nairobi, na mabaki ya nguo yamejaa kwenye kingo zake. Mengine hubebwa hadi jaa la Dandora na mengine huchomwa. Sehemu kubwa ya nguo za siku hizi ni poliesta, na poliesta ni plastiki iliyosokotwa kuwa uzi. Haiozi kama pamba. Hukatika vipande vidogo na vidogo zaidi, na maji huvichukua. Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hiyo taka ya soko moja la Nairobi ni habari pia ya mvuvi wa pwani.

Ukubwa wa taka hiyo unabishaniwa. Ripoti ya mwaka 2023 ya Changing Markets Foundation ilidai kwamba zaidi ya nguo moja katika kila tatu za mitumba zinazofika Kenya ina plastiki na ni mbovu kiasi cha kuwa taka mara moja. Wafanyabiashara wa mitumba wa Kenya wameikataa picha hiyo, wakisema hakuna mtu mwenye akili timamu anayeagiza hasara kwa fedha zake. Hoja yao ina uzito. Lakini hata wao wanakubali kuwa belo likifunguliwa, zipo nguo zinazotupwa. Ugomvi uliopo ni wa kiasi, na kiasi hakiwezi kujulikana ikiwa belo linavuka bahari na mipaka yote bila kufunguliwa wala kuandikwa kilichomo.

Serikali za Afrika Mashariki zilijaribu kulitatua suala hili kwa njia yao. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya walipokutana Arusha walikubaliana nguo na viatu vya mitumba viondolewe sokoni ndani ya miaka mitatu, ili viwanda vya ndani vipate kupumua. Mwaka huo huo Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Mwaka 2017 chama cha wauzaji wa nguo kuukuu cha Marekani kikalalamika kwa serikali yake, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizi katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa kurudi, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo.

Tangu hapo kila nchi ina mlango wake. Rwanda ushuru uko juu, na nguo zile zile, ambazo huko huitwa caguwa kutokana na neno la Kiswahili chagua, zimekuwa zikiingizwa kwa magendo kutoka Kongo na Uganda, nyingine zikivaliwa tabaka juu ya tabaka na wanaovuka kwa miguu. Uganda, Agosti 2023, Rais Yoweri Museveni alitangaza mjini Mbale kuwa amepiga marufuku mitumba. Wafanyabiashara wa soko la Owino waliingiwa na hofu, lakini mabelo yaliendelea kuingia. Tanzania ilishaondoa nguo za ndani za mitumba tangu mwaka 2009 kupitia Shirika la Viwango, TBS. Kenya inapokea shehena kubwa kuliko majirani zake wengi na haioneshi dalili ya kuifunga bandari.

Katika vurugu hiyo, anayeumia ni mtu wa mwisho mnyororoni. Mama anayebeba mzigo wa mitumba kutoka Kenya kwenda Uganda hawezi kutumia utaratibu uliorahisishwa wa biashara ndogo za mpakani, kwa sababu utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na shati la mtumba halikuzalishwa humu. Akikamatwa, ni mhalifu. Akipita, husemwa kuwa anaua viwanda. Akitupa fagia yake kando ya mto, ni mchafuzi. Mswahili alishasema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walioubeba mzigo huu wakiwa wameketi ofisini hawajawahi kuona kama ni mzito.

Hapo ndipo thamani ya kazi ya The Nest inapoonekana. Katika miaka yote ya mjadala huo, swali lilikuwa moja: mnunuzi wa mitumba afanywe nini, atozwe ushuru, azuiwe au aachwe? Wasanii waliligeuza swali. Waliyapanga mabelo, wakayaweka mbele ya nyumba ya aliyeyatuma na kumuuliza yeye atafanya nini. Hakuna waziri wa Jumuiya aliyewahi kufanya hivyo kwa sauti ya kusikika. Tamko la mwaka 2016 lilizungumzia kufunga mlango wa hapa, nalo likavunjika siku mkubwa alipokohoa. Banda la Kassel lilizungumzia wajibu wa aliyepakia.

Kazi hiyo haiko peke yake katika ukanda huu. Kinshasa, tangu mwaka 2015, tamasha la KinAct limekuwa likiwatoa mitaani wasanii waliovaa mavazi yaliyotengenezwa kwa makopo, nyaya, ndala na mabaki ya simu, wakipita katikati ya umati kama taka iliyosimama na kuanza kutembea. Katika jiji hilo hilo kundi la muziki la Fulu Miziki, jina ambalo kwa Kilingala ni muziki wa takataka, hupiga ala lilizozitengeneza kwa vitu vilivyookotwa. Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyorejelezwa, wakalivisha vipande vya ndala za rangi, na mwaka 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar. Mwaka 2021 safari nyingine ililipeleka chombo cha mradi huo Ziwa Victoria, likigusa Kenya, Uganda na Tanzania. Kote huko ujumbe ni mmoja: taka haina pasipoti, na dawa ya nchi moja pekee haitoshi.

Hata hivyo, wasanii nao wana deni. Banda la Kassel lilikuwa Kassel. Wajerumani, Waholanzi na Wamarekani waliingia na kutoka, wakapiga picha. Muuza mashati wa Gikomba, Owino au Karume hakuingia, na wengi wao hawajawahi kusikia kwamba mzigo wao uliwahi kuwa maonyesho. Filamu iliyotengenezwa kutokana na maisha ya soko ina haki ya kurudi sokoni. Bila hivyo itabaki kuwa mazungumzo kati ya msanii wa Nairobi na mtazamaji wa Ulaya, huku mwenye belo akiwa mada asiyekuwepo.

Tena lipo jambo ambalo mabelo kwenye nyasi hayawezi kulieleza vizuri. Yakipangwa bustanini, yote huonekana taka. Sokoni si yote. Sweta la shule la mtoto, koti la bodaboda wa Kabale anayeamka saa kumi na moja kwenye baridi, viatu vya mwalimu anayesubiri mshahara: hivyo vimetoka kwenye belo hilo hilo. Fundi cherehani anayepunguza kiuno, mpiga pasi, mbeba mzigo na mama lishe wa sokoni wote hula kwenye belo hilo. Kazi ya sanaa inayosahau hilo inaweza kuchukuliwa na mwanasiasa na kugeuzwa sababu ya marufuku nyingine. Msanii mwaminifu ataonyesha kamera na fagia kwa pamoja, na hapo ndipo hoja yake itakapokuwa na nguvu zaidi, kwa sababu itatenganisha biashara halali na utupaji wa taka uliojificha ndani yake.

Wakati wa kuitenganisha ni sasa, kwa kuwa upande wa pili unabadilisha sheria. Shirika la Mazingira la Ulaya limeeleza kuwa nguo na vitambaa kuukuu vilivyouzwa nje ya Umoja wa Ulaya viliongezeka kutoka zaidi kidogo ya tani 550,000 mwaka 2000 hadi karibu tani milioni 1.7 mwaka 2019, na kwamba mwaka huo asilimia 46 zilikuja Afrika. Tangu Januari 2025 nchi za Umoja huo zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu mbali na taka nyingine, maana yake ni kwamba nguo nyingi zaidi zitatafuta pa kwenda. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayowataka watengenezaji na wauzaji wa nguo walipie ukusanyaji, uchambuzi na urejelezaji wake. Ufaransa imekuwa na mfumo kama huo tangu mwaka 2007.

Swali la kibiashara ni rahisi. Ada hiyo ikilipwa Paris au Berlin na shati likaishia Dandora, fedha zimebaki wapi? Zimebaki Ulaya. Anayelipia utupaji wa mwisho ni halmashauri ya jiji la Afrika Mashariki na mfanyabiashara aliyenunua belo bovu. Hoja ya Return to Sender ikitolewa kwenye nyasi na kupelekwa mezani, inakuwa dai lenye tarakimu: ada ifuate nguo hadi inapochakaa.

Dai hilo linahitaji mambo matatu, na yote matatu yana faida kwa anayevuka mpaka.

La kwanza ni lebo. Kila belo liandikwe nje nani alilichambua, wapi, ni nguo za aina gani na daraja lipi. Njia ya belo si fupi. Nguo iliyotolewa Ujerumani inaweza kuchambuliwa Falme za Kiarabu au Pakistan kabla ya kufika Mombasa, na shehena nyingi za Kenya siku hizi hutoka China moja kwa moja. Bila jina la mchambuzi, hakuna mtumaji wa kurudishiwa chochote. Likiwepo jina, anayefungua belo na kukuta nusu ni takataka atakuwa na pa kudai, kama anavyodai aliyeuziwa mahindi yenye sumukuvu.

La pili ni kiwango kimoja cha Jumuiya. TBS iliweza kukataa nguo za ndani, na bahari haikukauka. Vivyo hivyo nchi wanachama nane zinaweza kukubaliana kwamba nguo chafu, iliyochanika au isiyovalika ni taka, na taka haiingii kwa jina la biashara. Belo likikaguliwa kwa kiwango hicho bandarini, halitakuwa na sababu ya kuzuiwa tena Malaba, Namanga au Gatuna. Leo hali ni kinyume chake: bovu linapita bandarini, halafu dogo lililobebwa begani linakamatwa mpakani.

La tatu ni sauti moja. Mwaka 2017 nchi hizi zilitishwa moja moja zikaachana moja moja, na Rwanda ikabaki peke yake ikilipa gharama ya uamuzi wa wote. Kuongea na Brussels kuhusu ada ya nguo ni kazi nyepesi kuliko kugombana na Washington kuhusu marufuku, maana safari hii hakuna anayeombwa kuacha kuuza. Anayeombwa ni mtumaji, kwamba achambue kwa uaminifu na alipie uchafu wake. Vyama vya wafanyabiashara wa mitumba, ambavyo mpaka sasa vimejikita kupinga takwimu za wanamazingira, vingefaidika zaidi kwa kuungana nao katika dai hili. Hasara wanayoilia kila wanapofungua belo ndiyo ushahidi ambao wanamazingira wanautafuta.

Wasanii wanaweza kuanza sehemu yao bila kusubiri mkutano wa Arusha. Kwenye mipaka mingi ya ukanda huu pana siku za soko, pana kumbi za vijiweni zinazoonyesha mpira kwa skrini kubwa, na pana watu mia kadhaa wanaosubiri forodha ifungue dirisha. Filamu ya Return to Sender ionyeshwe hapo, itafsiriwe Kiswahili na Kiganda na Kinyarwanda, na ikimalizika belo lifunguliwe mbele ya watu. Nguo zitengwe mafungu manne, kamera hadi zisizouzika, na fungu la mwisho lipimwe kwenye mizani ile ile iliyotumika kulitoza ushuru. Mwandishi wa chama aandike kilo ngapi, na fedha ngapi zimelala hapo chini. Karatasi hiyo ikiwa na sahihi za wenye mabanda wa Busia pande zote mbili, ipelekwe Arusha pamoja na filamu.